Nta kwa Masikio ya Bendi

Dresa mpya, mtibabu wa zahanati aliyepokea ufunguo wa kabati langu la dawa, ameniomba nimwandikie jinsi nilivyotibu malaria, donda ndugu na kuumwa na nyoka. Nimekataa. Hayo yamo kwenye kitabu, na kitabu nimemwachia mezani, kimemwagikiwa mafuta ya taa kurasa mbili tu. Ninamwandikia yeye na wenzake habari ya masikio ya wapiga muziki, kwa sababu haimo kitabuni, na kwa sababu hakuna wagonjwa walionichosha kama hao. Mwenye homa hukusikiliza. Mwenye jino hukupigia magoti. Mpiga tarumbeta hukushukuru kwa heshima zote, kisha huenda akafanya kinyume.

Habari za vyeo naziruka. Nilipanda kidogo na kwa kuchelewa, na kuzisimulia hakumponyi mtu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwangusha mtu mzima. Alikuwa mchukuzi wa stesheni ya Manyoni, amekuja na sikio lililoziba uchafu. Nilijaza bomba la sikio maji ya mtungi, nikasukuma kwa nguvu zote za ujana. Macho yake yakaanza kuchezacheza, akashika meza, akatapika juu ya viatu vyangu, akaenda chini. Nilidhani nimeua.

Mzee Ibrahimu alitoka chumba cha pili bila haraka. Huyu ndiye dresa mkuu aliyenifundisha kazi, Mnyaturu mwenzangu, mfupi, mwenye sauti ndogo.

"Umempa maji ya mtungi?"

"Ndiyo, mzee."

"Hayo ni ya kunywa. Sikio linataka maji ya joto la mwili. Jimiminie kwanza ndani ya kiwiko. Usiposikia baridi wala moto, ndipo umpe mgonjwa. Na pole pole, huoshi sufuria."

Mchukuzi alipona siku ile ile, ila kwa miaka mingi alikuwa akiniamkia kutoka ng'ambo ya barabara.

Mzee Ibrahimu ndiye aliyenifundisha pia kupima usikivu kwa saa ya mfukoni. Unamfumba mgonjwa macho, unaisogeza saa kutoka mbali, na anapoisikia unapima umbali kwa shubiri. Sikio zima huisikia saa yetu kwa shubiri tano. Lakini alinionya kwamba mgonjwa wa tumbo huzidisha na mgonjwa wa sikio hupunguza, kwa kuwa kuumwa tumbo si aibu na uziwi ni aibu. Kwa hiyo mara moja katika kila kipimo alikuwa akiisimamisha saa bila kusema. Anayesema anaisikia saa iliyosimama, huyo ndiye wa kuangaliwa. Nilidhani ni ujanja wa uzee. Mzee alistaafu akarudi kwao Mandewa, nikabaki na saa, bomba na zahanati nzima.

Bendi ilianza baada ya vita, askari wetu waliporudi kutoka Burma. Mwanzilishi alikuwa Sajini Lazaro, aliyepiga tarumbeta jeshini na kurudi nayo, sijui kwa ruhusa ya nani. Alikusanya wenzake, wakapata tarumbeta nne, matoazi, ngoma ndogo tatu na ngoma kubwa moja ya kuning'iniza kifuani. Walipiga harusini kwa Wakristo na kwa Waislamu bila kubagua, walipiga kwenye baraza la mtemi, na walipiga kila alipopita Mzungu mwenye kofia. Watu waliipenda sana bendi ile. Mimi pia niliipenda, na ndiyo maana ilinikera.

Walifanyia mazoezi ndani ya ghala la mabati lililokuwa karibu na reli. Mwenye ghala aliwapa kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni, msimu wa karanga ukiisha. Hapo nje palikuwa na uwanja wa kutosha kuchungia ng'ombe mia. Niliwauliza kwa nini wasipige nje. Sajini alinieleza, kama anavyoelezwa mtu asiyejua kupika, kwamba mlio huivia ndani ya mabati.

Neno hilo la kuiva ndilo lililoniletea taabu zote. Kwao mwanachama mpya alikuwa na sikio bichi, na sikio bichi haliruhusiwi kuvaa kofia nyekundu ya bendi. Ili liive, mgeni alisimamishwa katikati ya tarumbeta zote nne, milango ya ghala ikafungwa, wimbo mmoja ukapigwa mara tatu kwa nguvu zote. Akitoka aliulizwa, "Linalia?" Akisema kichwani mna nyenje wanaolia, walimpa mkono na kofia. Akisema hasikii kitu cha ajabu, walimrudisha ndani.

Nililiona hilo kwa macho yangu kwa Hoseya. Hoseya alikuwa Mgogo wa vijiji vya chini ya Kilimatinde, mtu mpana, mpole, aliyefanya kazi kwenye genge la reli la kukaza misumari na kubadili mataruma yanayolaliwa na reli. Alitoka ghalani anapepesuka, wenzake wanampongeza kama amepata mtoto. Jumatano iliyofuata wakampa ngoma kubwa.

Nilimfuata Sajini.

"Sajini, huo mlio ni sikio linalalamika. Linaumia."

"Dresa, mtu asiyezoea jembe akilima, si huota malengelenge?"

"Huota."

"Kisha?"

"Kisha mkono unakomaa."

"Basi na sikio hukomaa. Haya hatukuanza kuyajua jana."

Nilipofika nyumbani ndipo nilipopata jibu, kwamba kiganja chenye sugu hakiusikii mwiba, na sikio kazi yake ni kusikia miiba. Jibu zuri sana, ila mtu wa kuambiwa alikwisha kwenda zake. Nilipomwambia siku iliyofuata alicheka, akasema nimelala nalo.

Basi nikageukia nta. Kuna watu wa Rungwa waliokuwa wakija Itigi na asali, na niliagiza kwao bonge la nta safi. Andikeni hapa jinsi ya kuitengeneza, maana hii ni kazi nzuri hata kama watumiaji si wazuri. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe. Ichuje kwa kitambaa cha bendeji kuondoa miguu ya nyuki. Changanya na mafuta kidogo ya kupaka ili ilainike, kanda pamoja na pamba, finyanga vizibo vya ukubwa wa punje ya karanga. Funga uzi kwenye kila kizibo ubaki nje, kizibo kisije kikapotelea ndani. Mwenye kizibo hicho husikia muziki wote, ila husikia kama yuko chumba cha pili. Nilijaribu mwenyewe, nimesimama katikati ya ghala, na niliondoka bila nyenje hata mmoja.

Nilipeleka vizibo ishirini na nne. Wiki iliyofuata nilienda kutazama, nikakuta masikio yote wazi na ngoma kubwa inang'aa. Walikuwa wameviyeyusha vyote wakaipaka ngozi ya ngoma. Hoseya alinishukuru kwa mikono miwili. Alisema ngoma sasa inanguruma zaidi.

Nikatengeneza vingine. Safari hii nilihutubia. Niliwaambia wakitaka kunisikia mimi na wake zao mpaka uzeeni, wazibe masikio wakiwa kazini. Mpiga matoazi aliuliza kama wa kuwasikia wake zao ni lazima, watu wakacheka, nikaona angalau wananisikiliza. Sajini aliahidi mbele ya wote kwamba amri ya dresa itatiiwa.

Niliporudi walikuwa wametii. Kila mtu alikuwa na uzi mweupe unaning'inia sikioni, na nilikaribia kufurahi. Kisha nikaona nyuzi zote ziko upande wa kulia.

"Mbona la kushoto liko wazi?"

"Hilo ni la kazi," alisema Sajini. "Sisi tunapanga mistari tarumbeta zikiwa kushoto, sikio la kushoto ndilo linalopokea. La kulia halina kazi. Tumeliziba lipumzike, kama ulivyosema."

"Nilisema mzibe linalopigwa kelele."

"Ukiziba linalofanya kazi, nani atafanya kazi?"

Nilikaa juu ya gunia. Nilikasirika mpaka Kiswahili kikaniishia, nikamalizia kwa Kinyaturu, wao wengi ni Wagogo, wakanitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo walivaa kizibo cha kulia kwa uaminifu mkubwa kuliko ibada. Kilikuwa alama ya bendi. Kuna waliokwenda nacho sokoni.

Baada ya misimu kama minne hivi, mke wa Hoseya alikuja zahanati. Jina lake Naomi. Alisubiri wagonjwa waishe ndipo akasogea mezani.

"Mbukwenyi, Dresa."

"Mbukwa, mama. Nani mgonjwa?"

"Mume wangu. Anawasikia wanaume wenzake, mimi hanisikii."

Mhudumu wangu wa kufunga vidonda alicheka akasema hiyo ni homa ya waume wote, haina dawa. Mimi pia nilicheka, na nimelijutia cheko hilo. Naomi hakucheka.

"Mtoto akilia kushoto kwake hageuki. Kuku akiita vifaranga hasikii. Sauti nene anasikia, nyembamba zimempotea. Na anafoka, Dresa. Hakuwa mtu wa kufoka. Sasa mimi nauliza, garimoshi likija je?"

Nilimwita Hoseya, nikampima. Sikio la kushoto lilisikia saa kwa nusu shubiri, na nilipoisimamisha saa alisema anaisikia. Nikamwambia aache ngoma. Alinijibu kwa upole, kama kawaida yake, kwamba garimoshi halisikiki kwa masikio tu, husikika kwa miguu, ardhi hutetemeka. Tena Sajini ndiye aliyemfundisha, na Sajini amepiga muziki miaka mingi kuliko yeyote na masikio yake ni mazima. Hamwezi kuamini jinsi nilivyolichukia jibu hilo. Lilikuwa na akili yote inayotakiwa, ila lilisimama juu ya sikio la mtu mwingine.

Mwezi haukwisha, Sajini mwenyewe akaja, saa sita mchana, zahanati imefungwa, watu wamekwenda kula. Alifunga mlango nyuma yake. Alisema ngozi za ngoma siku hizi ni mbovu, na tarumbeta zimepoa. Alitaka kujua kama nina mafuta ya kuzifanya zisikike tena. Nilimkalisha, nikamfumba macho, nikaiweka saa karibu kabisa na sikio lake, imesimama.

"Inalia vizuri," alisema.

Nikaiweka mkononi mwake. Aliitazama mishale kwa muda mrefu, akaitikisa, akaitazama tena. Sijapata kumwona askari amekaa kinyonge vile. Yalikwisha masikio yote mawili. Alikuwa akinielewa kwa kutazama midomo.

Hapo nikaelewa kila kitu. Kwa miaka alikuwa akisimama mbele ya bendi akisema "Ongeza! Ongeza!" na kuzisogeza tarumbeta karibu zaidi na ngoma, maana hakusikia. Uziwi wake ndio uliokuwa ukiwapigisha wengine mpaka nao wawe viziwi.

"Dresa, usimwambie mtu," alisema. "Kiongozi wa bendi kiziwi, watanicheka mpaka Itigi. Bendi itakufa."

"Utapunguza sauti?"

"Nitapunguza."

"Utamtoa Hoseya kwenye ngoma?"

"Nitamtoa, nipe muda tu."

Nikamwapia kwamba sitasema. Siri ya mgonjwa ni siri, Mzee Ibrahimu alinifundisha hivyo, na mimi nilijiona mtu mwaminifu. Sajini alipunguza sauti kwa wiki mbili. Kisha ikatangazwa kwamba Mzungu mkubwa wa jimbo atapita Manyoni, na ghala likaanza tena kutikisika, Hoseya yuko pale pale katikati. Nilimkumbusha Sajini mara tatu. Kila mara aliniambia baada ya wageni. Wageni walikuja wakaenda, wakaja wengine. Miezi saba nilipita nje ya ghala hilo nikienda nyumbani, nayajua ninayoyajua, nimefunga mdomo wangu kwa uaminifu mkubwa.

Garimoshi kweli hutetemesha ardhi. Kiberenge, kile kigari chepesi cha reli, hakitetemeshi. Asubuhi moja kiberenge cha ukaguzi kilikuja kikishuka mteremko bila kelele, nyapara wa genge akapuliza filimbi, watu wote wakaruka kando. Filimbi ni sauti nyembamba. Hoseya alikuwa ameinama juu ya taruma, sikio la kushoto limeelekea huko kiberenge kinakotoka, la kulia limejaa mlio wa nyundo yake mwenyewe. Walisema nyapara alipuliza mpaka pumzi ikamwishia.

Niliufunga mguu kwa mbao pale pale kando ya reli, mfupa wa muundi umevunjika mahali pawili. Niwaambieni vijana, funga juu na chini ya kivunjiko, usifunge juu yake, na umpe mgonjwa kitu cha kuuma. Tukampandisha Kilimatinde kwa daktari. Mguu uliunga, mfupi kidogo. Daktari alimpima na masikio, akaniita pembeni. La kushoto, alisema, halina tena faida. La kulia ni zima kabisa, kama la mtu asiyewahi kusikia ngoma, na aliuliza inawezekanaje. Nikamweleza juu ya sikio la kazi na sikio la mapumziko. Hakuandika neno. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta. Ule ukaidi wao ulioninyima usingizi ndio uliomwachia sikio moja, na uaminifu wangu haukumwachia kitu. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Reli haikumrudisha gengeni, na sikuweza kuwalaumu. Bendi ilikutana Jumamosi, nami nilikwenda nikiwa nimeamua kusema, kiapo au si kiapo. Nilichelewa. Sajini alikuwa amesimama mbele yao, nje, uwanjani, hakuna ghala. Aliwaambia mwenyewe kwamba yeye ni kiziwi, tangu lini, na kwamba kila aliposema ongeza alikuwa akitafuta sauti aliyokwisha kuipoteza. Aliwaambia wazibe masikio yote mawili au wavue kofia. Hakuna aliyecheka, si pale wala Itigi. Nyuzi zikaning'inia pande zote mbili, na kuanzia siku hiyo walipigia nje, na niwahakikishie kwamba mlio uliiva vizuri tu.

Baadaye alinijia. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba amefanya jambo la kiume. Aliisoma, akaikunja.

"Ulijua miezi saba," alisema.

Nikaandika: Uliniapisha.

"Mimi niliomba kama mtu mwenye hofu. Wewe ulikuwa na kazi ya kunikatalia."

Alikwenda zake. Alikuwa na makosa zaidi yangu mara kumi, na alikuwa amesema kweli, na kuambiwa kweli na mkosaji ni jambo la kuudhi kuliko yote. Vijana, siri ya mgonjwa itunzeni. Lakini siri ya mgonjwa mmoja ikianza kumla mgonjwa mwingine, haiwi siri tena, na msingoje mtu agongwe na kiberenge ndipo mlipambanue hilo. Mimi sikuwa na wa kuniambia, au labda sikuuliza.

Ilikuwa imebaki kwenda kwa Hoseya. Niliahirisha kama Sajini alivyoahirisha. Nilipofika alikuwa ameketi kivulini mwa tembe yake anasuka kamba, mguu ameunyoosha. Naomi alinipa kigoda, akaniletea uji wa uwele, akaingia ndani. Nilikaa, nikaweka kikombe chini, na nikasema yote bila kupumzika, nikitazama kamba yake. Nilisema kwamba nilijua Sajini haisikii ngoma, kwamba nilijua kabla, kwamba ningesema neno moja angeacha ngoma na mguu wake ungekuwa mzima, na kwamba nilinyamaza nikijiita mwaminifu. Nilisema nisamehe. Ilinichukua muda mrefu.

Hoseya aliendelea kusuka. Kisha akaona kwamba midomo yangu imetulia, akatabasamu kwa upole ule ule.

"Dresa, naona ulikuwa unasema. Umekaa upande mbaya. Hamia huku, uniambie tena."

Nikainuka, nikabeba kigoda changu mpaka upande wake wa kulia, nikaanza upya.